Sauti Iliyopokelewa Chuoni

Asubuhi ya mtihani wa kuingia chuo cha muziki Keneuoe alikunja karatasi ya babu yake mara nne akaichomeka kwenye soksi, maana gauni la kanisani halikuwa na mfuko. Wimbo wa mtihani babu huyo, mzee Tlali, aliusikiliza siku mbili kwenye simu ya jirani, akauandika kwa sol-fa nyuma ya kalenda ya duka la majeneza: do, re, mi, nukta na vistari, kwa penseli. Miaka thelathini na minane aliongoza kwaya ya kanisa la mji wao, Thaba Nchu, kwa namna hiyo, na hakuna aliyewahi kumwambia kuna namna nyingine.

Mkuu wa mtihani aliishika karatasi kwa vidole viwili.

"Hii ni nini, orodha ya sokoni?"

"Ndiyo wimbo wenyewe, ntate," alisema Keneuoe, akimwita baba kwa Kisotho.

"Weka kando. Soma hapa."

Pale palikuwa na noti za mistari, si do, re, mi. Keneuoe aliimba kwa kichwa, mwanzo hadi mwisho, bila kukosea, na watahini watatu waliokaa mezani wakaweka kalamu chini. Kisha wakamwuliza ile noti ya juu kabisa imekaa mstari wa ngapi. Hakujua. Alishukuru, akatoka, sauti yake ikabaki chumbani.

Aligundua Jumapili, kanisani, alipofungua kinywa kuimba ikatoka pumzi tupu. Kusema aliweza kama kawaida. Babu yake alimtazama juu ya miwani.

"Umeiacha wapi?"

"Itakuwa chuoni, babu."

"Basi kaifuate upesi. Mimi sina siku nyingi, na wimbo wangu utauanzisha wewe, si hawa vyura wa kwaya."

Kwao wimbo wa kaburini huanzishwa na mtu wa nyumba ya marehemu. Asipoanza yeye, jeneza husubiri.

Baada ya wiki mbili zilifika barua mbili siku moja. Ya kwanza ilisema mwombaji hakupokelewa. Ya pili ilisema sauti imepokelewa.

Keneuoe alikwenda. Karani wa chuo, Mme Disebo, yaani mama Disebo kwa Kisotho, alimkaribisha kiti na chai.

"Iko chumba namba tisa. Mistari yote imeshaijua. Ina bidii, usiseme!"

"Nimekuja kuichukua, mme."

"Mwanangu, vyumbani wanaingia wanafunzi tu. Yenyewe ni mwanafunzi. Wewe je?"

Alisimama ukumbini akaisikia kupitia mlangoni. Ubeti wa tatu iliukimbiza, kama alivyoukimbiza yeye siku zote. Aliona uchungu, akaona na fahari, akajichukia kwa ile fahari. Chai ilipopoa alirudi nyumbani.

Mzee Tlali alifariki Agosti, katika majira ya baridi, upepo wa vumbi ukivuma. Keneuoe alipiga simu chuoni kuiombea sauti ruhusa ya siku moja.

"Ruhusa ya msiba ni kwa ndugu wa marehemu," alisema Mme Disebo polepole. "Nimeangalia faili lake. Halina ndugu."

Jumamosi jeneza lilifikishwa kaburini, likasubiri. Wanakwaya walimtazama Keneuoe. Mchungaji alikohoa mara mbili.

"Anza basi, mtoto, tunaganda!" alinong'ona shangazi yake.

Keneuoe alitoa kwenye soksi ukurasa wa kalenda ambao babu aliandika nyuma yake wimbo wake wa mwisho. Akausoma kwa sauti ya kusemea, kama mwalimu anayeita majina darasani.

"Do. Sol. Sol. La."

Wanakwaya wakaidaka kila noti ilivyotajwa, wakaiimba, wakangoja inayofuata. Iliwachukua karibu saa nzima kumshusha mzee. Hakuna aliyelalamika, isipokuwa shangazi, na yeye ni kwa ajili ya baridi.

Baada ya mazishi Keneuoe alinunua kitabu kilichochakaa, akajifundisha noti za mistari peke yake mezani pa babu, jioni baada ya jioni. Januari aliomba tena. Safari hii alionyesha kila noti kwa kidole, hata zile zilizoning'inia chini ya mistari, na mkuu wa mtihani akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kutoka chumba namba tisa ilisikika sauti ikifanya mazoezi, na mmoja wa wale watatu aliinuka kufunga dirisha.

Jibu lilikuja wiki hiyohiyo. Mwombaji anasoma noti vizuri sana. Hakupokelewa, kwa kuwa hana sauti.

Keneuoe aliisoma barua mara mbili, akaigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe. Alichukua penseli ya babu yake, akaanza kuandika kwa sol-fa wimbo wa kwaya wa Jumapili.