Kabati la Vyombo Laanguka Kifafa

Fundi cherehani alikuwa akipiga pasi mikunjo ya sketi za shule pale kabati la vyombo lilipoanguka kifafa. Miguu ilikakamaa, milango ikapigapiga, vikombe vikagongana. Mama wa fundi aliacha kuchambua mchele, akalilaza ubavu, akasukumia mto upande wa juu, akangoja litulie.

"Pole, mwanangu," aliliambia, dirisha likiwa wazi. Enzi binti yake alipokuwa akianguka hivyo, alikuwa anafunga dirisha kwanza, majirani wasione.

Juzi ilikuwa birika, jana kiti. Fundi alijua vizuri ugonjwa ule unamtafuta nani.

Miaka mingi alikuwa hajaanguka. Daktari alimpongeza, akamwambia, "Tunaweza kuanza kupunguza dawa, dada. Ila kidogo kidogo, kwa miezi, nami nikikuangalia. Usije ukaacha ghafla." Alirudi nyumbani anachekacheka peke yake, mpaka mama alipomkata maini.

"Miezi? Wakwe wanakuja Jumapili! Wakikuta vidonge humu, uchumba ndiyo basi tena. Acha leo leo."

Na yeye, mtu mzima na kazi yake mjini, akaacha. Vidonge alivifukia kwenye kopo la vifungo, na kesho yake birika likaanguka. Aibu ilimtuma, wala tusimsingizie shetani.

Jumapili wakwe walikuja, wakakaribishwa chai. Kabati likaanguka tena. Mama mkwe mtarajiwa aliweka kikombe chini, akasaidia kushika mlango usijigonge.

"Masikini! Limeanza lini?"

"Tangu dogo," mama alijibu bila kupepesa macho. "Tumelizoea. Tunalipenda hivyo hivyo."

"Ndugu yangu, mtu hachagui ugonjwa. Na bibi harusi wetu, hajambo?"

"Huyu? Mzima kama chuma! Hata kichwa hakijawahi kumuuma."

Fundi aliona haya mpaka masikio yakamchoma. Mchumba wake alimtabasamia kutoka kwenye kochi. Masikini, hajui lolote. Ilikuwa nafasi ya kusema. Mdomo aliufungua, kweli, akauliza nani aongezewe sukari.

Halafu akaingia chumbani, akapekua kopo la vifungo, akameza kidonge bila maji. Kesho angekwenda kwa daktari, amweleze alichofanya, waanze upya taratibu.

Sebuleni kabati lilitulia. Alimsikia mama akilifuta vumbi mbele ya wageni wote. "Pole, mwanangu. Pole sana."

Fundi alijifuta mdomo, akatazama kwenye kioo kama kuna alama yoyote ya kidonge, akatoka kwenda kuwamiminia wakwe chai.