Firigisi ya Bibi Damari

Bibi Damari wa Ilongero hakuwa mwoga wa watu. Aliwahi kumtimua mchungaji pamoja na ng'ombe wake wote kutoka kwenye shamba lake la alizeti, na mwenyekiti wa kitongoji alikuwa akimwona kwa mbali anakumbuka ghafla shughuli nyingine. Lakini Jumamosi ile, kwa sababu ya mgeni mmoja tu, tena msichana wa chuo, aliingiwa na woga hadi akafanya jambo ambalo majirani wanamtania nalo mpaka leo.

Mjukuu wake, Mwajabu, alikuwa amemaliza kidato cha sita na kufaulu vizuri. Vyuo viwili vilimkubali, kimoja Dodoma na kingine Mbeya, na ilimpasa athibitishe kimoja kabla dirisha la udahili halijafungwa. Siku zikawa zinayoyoma, msichana hathibitishi. Akiulizwa, anasema bado anafikiria. Damari akaamini kwamba anajua kinachofikiriwa, na kilimuuma, kwa sababu alijiona yeye mwenyewe ndiye kikwazo.

Maana Mwajabu ni Mwislamu, na Damari ni mzee wa usharika. Rebeka, binti wa pekee wa Damari, alipendana na Athumani Alute, akasilimu, wakaoana. Gari lililowapeleka msibani Issuna halikuwarudisha hai. Mtoto wao, Mwajabu, akabaki mgongoni kwa bibi yake. Pale matangani, ndugu za Athumani walipoanza kunong'ona kwamba mtoto atapotezwa, Damari alisimama akasema mtoto atamlea yeye, na dini yake itakuwa ya baba yake. Ahadi ni deni. Akampeleka madrasa, akamshonea hijabu kwa mkono wake, na kila Ramadhani akaamka yeye wa kwanza kupasha uji wa daku, kisha akagonga mfuniko wa sufuria mpaka nyumba ya pili ikaamka nayo. Wako akina mama wa kanisani walionuna. Aliwaacha wanune.

Hata kuku. Tangu Mwajabu aingie katika nyumba ile, hakuna kuku aliyechinjwa na Mkristo uani kwa Damari, hata siku ya Krismasi. Huitwa jirani, Baba Salehe, anachinja kwa kufuata dini yake, anaondoka na ahadi ya shingo, na wote wanakula bila mtu kujiuliza. Kwa watu wa huko hilo si jambo la kusimulia, ni desturi tu, kama kufunga mlango mvua ikija.

Basi jioni moja Mwajabu alipata namba ya simu ya amira, yaani kiongozi wa wasichana wa Kiislamu katika kile chuo cha Mbeya. Aliitwa Saumu, nyumbani kwao Manyoni. Mwajabu aliuliza mambo ya kijana: msikiti uko umbali gani na hosteli, vipindi vya Ijumaa vinakuwaje, futari wanapika wenyewe au wananunua. Damari alisikiliza akaona maswali hayo ni mepesi mno. Akanyoosha mkono, akachukua simu.

"Mwanangu," alimuuliza amira, "huyu mtoto analala kama gogo. Nani atamwamsha daku?"

Saumu akacheka kwa upole, akasema ataamshwa, yeye mwenyewe atamwamsha. Akaongeza kwamba yuko likizo, na jumuiya yao ina utaratibu wa kuwatembelea wanafunzi wapya makwao, wasije wakafika chuoni kama watu waliodondoshwa na upepo. Jumamosi atakuja Ilongero kumwamkia bibi.

Mwajabu aliruka kwa furaha. Damari naye alifurahi, mpaka alipolala. Hapo ndipo mawazo yalipomvamia. Mgeni atakuja, ataona kalenda ya kanisa ukutani, ataona kitenge cha umoja wa wanawake chenye msalaba, ataona picha ya kwaya. Atarudi Mbeya na kuwaambia wenzake kwamba yule mpya kalelewa na kafiri. Watamwangalia mtoto kwa jicho la pembeni miaka yote ya masomo. Kwa nini basi Mwajabu anasitasita, kama si kwa aibu hiyo? Damari alimpenda mjukuu wake kuliko pumzi yake, na mapenzi ya namna hiyo, yakikosa wa kuyapa ushauri, huzaa ujinga.

Jumamosi asubuhi Baba Salehe alimchinja jogoo mkubwa kuliko wote. Mwajabu alipoondoka kwenda barabarani kumpokea mgeni, Damari alibandua kalenda, akaficha kitenge, akageuza picha ya kwaya ikatazama ukuta. Kisha akamwita Mama Salehe, mke wa yule mchinjaji, akamweleza mpango: leo Mama Salehe ndiye bibi wa Mwajabu, na yeye Damari ni mama wa jikoni tu.

"Mama Rebeka, mimi kudanganya sijui," Mama Salehe alijitetea.

Damari akamwambia hakuna kudanganya. Akae tu kwenye kiti, aitikie shikamoo.

Bodaboda ilipofika, Mwajabu aliingia na mgeni, msichana mwembamba mwenye hijabu ya bluu na kifurushi cha sukari mkononi. Akamkuta Mama Salehe kwenye kiti cha bibi yake, amejikunyata kama mgonjwa anayesubiri sindano. Akatazama ukuta, akaona msumari mtupu mahali pa kalenda. Damari, akichungulia kutoka jikoni, alimpungia mkono wa kumnyamazisha. Mwajabu aliinamisha uso, na Damari akajipongeza kwamba mtoto ameelewa.

Saumu alipiga goti, akatoa salamu na shikamoo yake. Mama Salehe akaitikia vizuri. Mambo yakaenda salama wakati wa kunawa, yakaenda salama ugali wa mtama ulipotua mkekani na mlenda, na jogoo akafuata. Damari ndiye aliyeleta bakuli la nyama, ameinamisha kichwa kama mtumishi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Firigisi aliiweka juu kabisa, upande wa mgeni. Mgeni anayepewa kuku bila firigisi, huko Unyaturuni, huyo ameambiwa aondoke. Kisha akarudi jikoni, akasimama nyuma ya pazia.

Ndipo Saumu alipomgeukia Mama Salehe.

"Bibi, lile swali lako la kwenye simu niliwasimulia wenzangu. Tangu nimekuwa amira, wazazi huniuliza ada na usalama. Hakuna aliyewahi kuniuliza nani atamwamsha mtoto daku. Kumbe huwa unamwamsha mwenyewe?"

Mama Salehe alisema kwamba, ee, usingizi ni mtihani. Alisema kwamba, ee, Mungu husaidia. Jasho likamtoka. Na kwa kuwa kweli hakujua kudanganya, ukweli ukamtoka wote kwa mkupuo.

"Mwanangu, mimi niamshe nani? Mimi mwenyewe naamshwa. Anayetuamsha daku mtaa huu ni huyo aliyeko jikoni, na wala hafungi."

Nyuma ya pazia Damari alitamani ardhi impokee. Alisikia mtu akiinuka, hatua zikija, pazia likavutwa. Ni Mwajabu, na machozi yalikuwa yanamtiririka. Alimshika bibi yake mkono, akamtoa jikoni vilevile alivyo, na aproni yake na masizi yake, akamleta hadi mbele ya mgeni.

"Dada Saumu, huyu ndiye bibi yangu," alisema. "Anaitwa Damari. Ni Mkristo, na ndiye aliyenilea Mwislamu."

Halafu akamgeukia Damari. "Ulidhani nachelewa kuthibitisha kwa sababu nakuonea aibu? Nilikuwa nasubiri mtu wa chuoni aje akuone wewe. Chuo ambacho bibi yangu hawezi kuja kunitembelea na kitenge chake, mimi sisomi hapo."

Damari alimtazama msichana aliyembeba mgongoni, akaona jinsi alivyomkosea kwa kumdhania udogo. Aliona aibu, na ndani ya aibu hiyo alikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

Saumu alikuwa bado hajainuka mkekani. Aliuliza kwa heshima jogoo kachinjwa na nani. Akaambiwa. Akauliza ni desturi ya leo tu, au ya siku zote. Mama Salehe, ambaye sasa alikuwa amepata nafuu na hataki kunyamaza, akasema hata Krismasi, na shingo mume wake hula kila mara. Saumu akaitikia kwa kichwa taratibu. Akasogea mkekani kumpisha Damari nafasi kando yake, akaichukua ile firigisi kutoka upande wake, akaiweka mbele ya Damari.

"Bibi, hii si ya mgeni," alisema. "Hii ni ya mkuu wa nyumba."

Damari alikuwa amepika kuku tangu usichana wake. Firigisi zote alizozipika zilikwenda kwa baba yake, kisha kwa mumewe, kisha kwa wageni. Alikuwa haijui ladha yake. Aliila polepole, akitafuna na kulia, na Mama Salehe akamcheka mpaka naye akalia.

Walipomaliza kunawa, Mwajabu alitundika kalenda kwenye msumari wake, akatoa simu mbele ya wote, akathibitisha Mbeya. Mbeya ni mbali, na moyo wa Damari ulijua. Aliuliza kama ni kweli kule kuna baridi. Saumu akasema ipo, ila mablanketi yapo pia, na akarudia ahadi yake kwamba Ramadhani atamwamsha Mwajabu yeye mwenyewe.

Damari alimtazama amira, akaona namna anavyopiga miayo baada ya kushiba.

"Niandikie na mimi namba yako," alisema. "Daku nitawapigia wote wawili."