Breki ya Mdomo

Mimi sikusoma chuo, na wakubwa wa vyuo nimewachukia kwa miaka mingi, kwa sababu ninazozikumbuka mojamoja. Kwa hiyo nikimsifu mtu wa chuo, niaminini.

Mtu mwenyewe ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kiongozi wa wanafunzi wanaounda injini za roketi za fueli ngumu. Siku aliyowapokea wanachama wapya karakanani nilikuwa nimempelekea vyuma, nikakaa kusikiliza. Alipasua mbele yao mfano wa fueli hiyo uliotengenezwa kwa plasta, mnene kama mche wa sabuni, wenye tundu katikati toka juu hadi chini. Akawaeleza kuwa fueli huanza kuungua humo tunduni kwenda nje, na kwamba ufa mdogo tu huupa moto pengi pa kula kwa mpigo, presha ikapanda, kasha la injini likapasuka.

"Gari likikushinda unazima injini," alisema. "Hii haina cha kuzima. Ukishaiwasha, imekwenda. Breki yetu ni mdomo."

Breki hiyo ni neno moja: simama. Mwanachama yeyote, hata wa jana, akilitamka, waya wa kuwashia unachomolewa, na haulizwi sababu mpaka injini ishushwe. Aliwafanya walitamke mmoja mmoja. Binti mmoja, ambaye wenzake walimwita Redio kwa kuwa haongei, alilisema kwa sauti ya kuomba chumvi. Alirudishwa kulisema tena mpaka kuta zikasikia.

Nikakumbuka boila la kiwanda nilikofanya kazi ujanani. Mchochea makaa alisema linalia vibaya. Msimamizi akamwambia uoga apeleke kwa mkewe. Tulizika kilichopatikana. Ndipo nilipopanda juu ya pipa kuhutubia wafanyakazi, na sijashuka.

Siku ya majaribio Mkuu wa chuo alileta wageni wenye suti. Alishamwambia mpwa wangu waziwazi: isipowaka leo, karakana anawapa wengine. Injini ilifungwa kwenye zege, sisi tukajibanza nyuma ya mifuko ya mchanga. Kidole cha mpwa wangu kilikuwa tayari kwenye swichi.

"Simama," Redio akasema.

Waya ukachomolewa. Mkuu akaja juu: mtoto wa mwaka wa kwanza anasimamisha wageni?

"Amesimamisha moto, Mkuu," mpwa wangu akajibu. "Wageni hajawagusa."

Injini iliposhushwa, Redio akaeleza kwamba asubuhi akiibeba aliigonga kwenye fremu ya mlango, akaona haya kusema. Wakamulika tochi tunduni. Hawakuona kitu. Nikadhani sasa ataiwasha. Mpwa wangu akasema ufa unaweza kujificha ambako tochi haifiki. Injini hii haiwashwi. Kazi ya muhula mzima, hiyo. Kisha akamshika Redio bega mbele ya wote.

"Asante," alimwambia. "Siku nyingine sema ukiwa bado mlangoni."

Karakana ikachukuliwa. Mkuu huyo naye nimemweka kichwani pamoja na wenzake. Nyumbani nina banda lililojaa mabango ya maandamano yangu yote. Mpwa wangu aliliomba kwa masomo na vyuma vitupu tu. Fueli, alisema, haitakanyaga karibu na nyumba za watu. Jumatatu nikaanza kuyatoa mabango. Wa kwanza kufika alikuwa Redio. Aliniamkia, akashika upande wa pili wa meza iliyokuwa humo bandani, tukaisogeza dirishani penye mwanga.