Mwanafunzi wa Kinyozi

Simu ya Besi ilimkuta Kucha anafua. Aliipokea kwa mkono uliojaa povu.

"Mwanangu, umekaa?"

"Nimesimama, baba. Kuna nini?"

"Basi kaa kwanza."

Akakaa juu ya ndoo aliyoigeuza. Besi akamwambia kwamba Kinyozi ameaga dunia alfajiri ile, moyo tu, hakusumbuka. Kisha yule mzee, ambaye sauti yake nzito ndiyo iliyompa jina la Besi, akaanza kulia kwa kisauti chembamba ambacho Kucha hakuwahi kukisikia.

Jina la Kucha alipewa na Kinyozi. Siku hiyo alikuwa binti wa shule ya msingi, ametumwa chumvi na mama yake. Akipita mbele ya saluni alisikia gitaa, na miguu ikagoma kuondoka. Kinyozi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, hana mteja, anajipigia mwenyewe mbele ya kioo.

"Unataka kutazama au unataka kujua?" alimuuliza.

"Nataka kujua, mjomba."

Kinyozi akamshika mkono wa kushoto, akaugeuza, akacheka. "Kwa kucha hizi utachimba viazi. Uzi hutaubonyeza." Akazikata mwenyewe, moja moja, kwa makini kama anayemnyoa mtoto mchanga. Chumvi ilifika nyumbani jikoni kumeshapoa, mama akafoka mpaka majirani wakachungulia, lakini jina likabaki.

Akaendelea kwenda, mwaka baada ya mwaka, alasiri, wakati wateja ni wa kuhesabika. Kinyozi hakuwahi kumkaripia. Kordi ikikataa, alimwondoa vidole kwenye nyuzi, akavipanga upya kimoja kimoja, akasema, "Polepole. Gitaa halina miguu, halitakukimbia." Malengelenge yalipopasuka alimpa maji ya chumvi achovye, na yeye mwenyewe akakunja uso kana kwamba vidole ni vyake. Upande wa pili wa ukuta ilikuwa karakana ya Besi, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, aliyekuwa akipiga gitaa la besi pamoja na Kinyozi enzi za ujana wao. Huyo alifundisha bila hata kuonekana. Kucha akianza kukimbiza wimbo, Besi aligonga chuma kwa nyundo, ko, ko, ko, mpaka binti arudi kwenye mapigo.

"Unafukuzwa na nani, wewe?" alipaza sauti kutoka huko. "Mwambie asubiri!"

Sasa Kucha alikuwa mpiga gitaa wa bendi, katika mji mwingine, na gitaa ndilo lililompa chumba, chakula na heshima kidogo. Mara ya kwanza wimbo wao ulipopigwa redioni, Besi alimsimulia kwamba Kinyozi alizima mashine mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa, akasimama katikati ya saluni mpaka wimbo ukaisha. Mteja alipolalamika, Kinyozi alimwambia, "Kichwa chako kitasubiri. Huyo ni mwanafunzi wangu."

Alifika msibani mchana, gitaa mgongoni. Kinyozi alikuwa mjane wa siku nyingi, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, binti aliyelingana na Kucha kwa umri, muuguzi wa wodi ya watoto. Kucha alimfahamu kwa sura zaidi kuliko kwa maneno. Utotoni walikuwa wakisalimiana njiani, basi. Siku zote alidhani yule binti hapendi muziki.

Alimkuta amekaa sakafuni katikati ya wanawake, macho makavu. Akampa pole, akapiga magoti karibu naye.

"Dada, naomba kitu kimoja. Ningependa kumpigia pale makaburini. Wimbo mmoja tu, wa kumshukuru."

"Hapana."

"Hata kama ni kwa sauti ya..."

"Nimesema hapana, dada. Hilo gitaa lako halifiki pale."

Wanawake waliinamisha vichwa. Kucha aliinuka, uso unamwaka moto, akaenda kuliweka gitaa kwa jirani. Kinyozi akazikwa kimya kimya. Kucha alisimama nyuma kabisa ya watu, analia, mikono yake haijui pa kukaa.

Watu walipoanza kutawanyika na kurudi makwao, mwenye nyumba akauliza lini atapata chumba chake cha saluni. Besi akawaomba mabinti wote wawili waje kumsaidia kukihamisha. "Mgongo wangu umeshasema basi," alisema, ila Kucha alihisi si mgongo tu.

Muuguzi alikunja mashuka ya wateja. Kucha alifuta machanuo na kuyapanga kwenye boksi. Nywele za mteja wa mwisho zilikuwa bado ziko sakafuni, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzifagia. Ukutani, juu ya kioo, lilining'inia gitaa la Kinyozi, limechubuka tumboni pale ambapo mkono wake ulisugua miaka yote hiyo.

Muuguzi alilitazama, na ghafla akasema, "Alikuwa anacheka humu."

"Nani? Mjomba?"

"Baba. Nilikuwa nikipita hapo nje natoka shule namsikia anacheka. Na wewe. Nyumbani hakucheka hivyo, dada. Nyumbani alifika amechoka, akala, akaniuliza kama nimesoma, akalala. Siku moja nikamwambia, baba, nifundishe na mimi. Unajua alinijibu nini?"

Kucha alitikisa kichwa.

"Alisema hana muda. Kesho yake nikapita hapa, nikamkuta anakukata tena kucha."

Kucha alikaa kwenye kiti cha wateja. Alikuwa amesafiri na shukrani kifuani, shukrani aliyoitengeneza njia nzima, neno kwa neno, na sasa hakujua aipeleke wapi.

"Sikujua," alisema.

"Najua hukujua. Ulikuwa mtoto. Mimi pia nilikuwa mtoto." Muuguzi aliendelea kukunja shuka lilelile ambalo alikuwa ameshalikunja. "Nisimulie. Alikuwa anasemaje akifundisha?"

Kucha akamsimulia. Alimwambia kuhusu gitaa lisilo na miguu, kuhusu maji ya chumvi, kuhusu jinsi Kinyozi alivyojigonga paji la uso kila wimbo ulipoharibika, kana kwamba kosa ni lake. Aliiga hata kikohozi chake. Muuguzi alisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za mgeni, mara anatabasamu, mara anauma mdomo.

"Alinitaja?" aliuliza mwishoni. "Hata siku moja?"

Kucha alitafuta. Alipekua alasiri zote zile. Ingekuwa rahisi kubuni, na uongo ulimfika kabisa ulimini.

"Hapana, dada. Tulikuwa tunazungumza gitaa tu."

Muuguzi aliitikia kwa kichwa, taratibu. Machozi ambayo hayakutoka msibani yakatoka hapo.

Besi alikuwa amesimama mlangoni kwa kitambo, kamba za kufungia mzigo mkononi. Hawakujua alikuwa amesikia kiasi gani.

"Mimi nilimuuliza," alisema. "Nilimwambia, wewe bwana, binti yako anapita hapa kila siku anatazama humu ndani kama mwenye njaa, kwa nini humfundishi? Akaniambia, 'Besi, wewe na mimi tumelipiga gitaa mpaka tukalala na njaa. Wangu siwezi kumtia huko. Wangu atasoma.'"

Besi alidhani ametoa dawa, akajipangusa macho kwa kamba, akatoka kwenda kutafuta mkokoteni.

Neno lile, *wangu*, lilibaki chumbani. Muuguzi alilishika kwa mikono miwili. Kucha naye lilimpita hapo hapo na kumkata. Yeye hakuwa wa Kinyozi. Yeye angeweza kulala na njaa, na Kinyozi asingekosa usingizi. Kwa hiyo ile subira yote, vile vidole vilivyopangwa upya kimoja kimoja, alipewa kwa sababu alikuwa wa mtu mwingine?

Muuguzi alimtazama, na labda alizoea kusoma maumivu usoni mwa watu wasiosema, kwani alisogea akamshika bega.

"Usilie. Alisimamisha mashine kwa ajili yako. Mji mzima ulisimuliwa."

"Nilikuja kumshukuru," Kucha alisema kwa shida. "Na bado nashukuru. Sijui kwa nini alinipa, lakini alinipa, na ndiyo maisha yangu. Ila zile alasiri zilikuwa zako. Basi nakushukuru wewe."

"Usinishukuru. Sikukupa kwa hiari."

"Najua."

Wakakaa wakilia, mmoja kwenye kiti, mwingine ameegemea meza ya kioo, mpaka magurudumu ya mkokoteni yakasikika nje.

Walipakia meza, mabenchi, boksi la machanuo. Mwisho likabaki gitaa. Kucha alilitamani. Alivijua vidonda vyake vyote.

"Hili nalichukua mimi," alisema Muuguzi.

"Ni lako."

"Siwezi kupiga hata kidogo. Nitalitundika tu."

"Ni lako, dada. Litundike."

Muuguzi alipanda juu ya kigoda, akalitungua, akashuka amelikamata shingoni kama kuku anayepelekwa kuchinjwa, tumbo la gitaa linagonga goti lake. Alifika nalo mpaka mlangoni, na Kucha akashindwa kuvumilia.

"Subiri," alisema. "Weka mkono huu hapa chini. Mwingine hapa. Lilaze kifuani, ndiyo, hivyo. Polepole."

Muuguzi alisimama kwenye jua, amelikumbatia, hathubutu kusogea.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo," alisema Kucha.

Besi aliushika mkokoteni, akaanza kusukuma, na wao wakamfuata nyuma.