Vifaranga wa Rau

Kitendawili kwako wewe uliyekaa karibu na jiko: nina mama asiye na mbawa wala mdomo, hajawahi kutaga hata yai moja, na watoto wake wakizaliwa wanajaza chumba siku hiyohiyo.

Umekwama? Najua wengine watasema ni mgomba, maana huku kwetu kila kitu ni mgomba. Mgomba unazaa, sikatai, lakini watoto wake hawalii. Haya, nipe mji. Umenipa Moshi? Nimeupokea, nikashuka nao mpaka Rau, karibu na msitu, kwenye chumba cha uani cha Yuditha. Jibu liko humo: mashine ya kutotolesha vifaranga.

Yuditha alikuwa ameichongesha kwa fundi wa Bomang'ombe. Kwa nje ungedhani ni kabati la vyombo. Ndani zilikuwemo taa, trei za mayai, na feni ndogo iliyokuwa ikinong'ona usiku kucha kama mtu anayesali rozari. Mayai yake aliyakusanya kwa akina mama wa mlimani wenye majogoo wa kueleweka, akayabeba mwenyewe kwa miguu, kwa sababu yai lililotikiswa na bodaboda kwenye mawe ya Old Moshi halitotoi, hata ulibembeleze.

Kilichomkosesha usingizi kilikuwa kitu kimoja. Kikundi cha akina mama wa Kilutheri wa Kiboriloni kilitaka vifaranga chotara mwezi wa nane, wakue, wawe kuku wa Krismasi. Unajua Desemba ya kwetu. Wachagga wote wa Dar na Mwanza wanapanda nyumbani, na hakuna anayekuja kula mchicha. Kikundi kile kikichukua kwa Yuditha, na vikundi vingine vitafuata. Kikivuka mpaka kununua ng'ambo, basi lile kabati angelirudisha kwa fundi, akatafute kazi ya ndani mjini.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Mama Winfrida, mtu wa sauti nzito na kitambaa cheupe kichwani. Kwenye mkutano Yuditha alisimama, akaamkia, akajieleza. Kabla hajamaliza, Ronald akacheka. Huyu Ronald ndiye aliyekuwa na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na ndiye aliyewaletea vifaranga wa ng'ambo mwaka uliopita, kwa njia za panya za kule mpakani, Tarakea.

"Dada Yuditha," akasema, "ng'ambo vifaranga wapo kila siku ya Mungu. Unafika, unachagua kama nyanya. Wewe una kabati."

"Wa ng'ambo wazuri, Ronald, sijawasema vibaya," Yuditha akajibu. "Ila wewe unawafunika chini ya magunia ya vitunguu ili wasionekane. Wanafika hapa wananuka kachumbari, nusu yao wamelala na hawaamki. Akina mama wakikuuliza, unawaambia wakaulize ng'ambo. Ng'ambo kwa nani?"

Akina mama wakacheka, na Ronald naye akacheka kidogo, maana ilikuwa kweli.

Mama Winfrida hakucheka. "Mwanangu, tulishawahi kuchukua wa hapahapa. Mtu alituahidi, umeme ukakatika, tukapewa pole badala ya vifaranga. Wewe umeme ukikatika unafanyaje?"

 Yuditha jibu alikuwa nalo, tena zuri. Lakini angelisemaje mbele ya mama yule? Akasema tu, "Nina njia yangu, mama. Siku ya kutotoa njooni mwone. Na mimi niulize: mkiona wametotolewa wazima, mtachukua kwangu, au bado mtavuka mpaka?"

"Nikiona, nitasema," Mama Winfrida akajibu, akafungua kitabu cha nyimbo.

Sasa nikwambie njia yenyewe. Nyuma ya ua wa Yuditha aliishi Mama Kornel, jina lake la ubatizo Mektrida, Mkatoliki, mpika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Ndizi zake zilichemka kutwa kwenye pipa, na pembeni palikuwa na sufuria kubwa ya maji ya uji wa ulezi, iliyokuwa motoni tangu asubuhi. Umeme ukikatika, Yuditha hukimbia na madumu, huyajaza maji yale, huyafunga kwa vitenge na kuyapanga chini ya trei. Joto linashika, na unyevu juu yake. Kwa malipo humpasulia Mama Kornel kuni. Hiyo ndiyo ilikuwa jenereta yake.

Tatizo ni kwamba Mama Winfrida, kwenye ibada ya akina mama, aliwahi kuitaja nyumba ile ya mbege, akasema Mkristo akipita pale akaze mwendo. Na Mama Kornel alikuwa amesikia. Rau hakuna neno linalolala njiani.

Siku ya kutotoa ikafika. Mama Winfrida akaja mapema, na Ronald nyuma yake, amekuja kucheka. Ndani ya mashine mayai yalikuwa yameanza kutoboka, na ukitega sikio ungesikia sauti nyembamba.

"Fungua tuone," Ronald akasema.

"Ukifungua sasa wanakauka na ganda linawashika. Tazama kwenye kioo."

"Haya, Mama Kabati."

Alipomaliza kusema hivyo feni ikanyamaza. Taa zikafa. Chumba kikawa kimya, isipokuwa zile sauti nyembamba ndani ya maganda.

Ronald akakunja mikono. "Nikawashe gari, mama? Tarakea bado mapema."

Mama Winfrida akamtazama Yuditha. "Njia yako iko wapi, mwanangu?"

Mwezi wa nane huo, baridi imeshuka kutoka mlimani, ukungu umekaa mpaka juu ya migomba. Wakipoa sasa hivi, wakati wanapigana na ganda, watachoka humohumo. Yuditha akajua akiwataja watu wa mbege huenda akapoteza kikundi. Akinyamaza, anapoteza vifaranga na kikundi pia. Nani angesimama kupima jambo la namna hiyo? Akachukua madumu.

"Njia yangu iko kwa Mama Kornel," akasema. "Anayetaka kuona anifuate, anayetaka kukaza mwendo akaze."

Akapita kwenye tundu la ua. Mama Winfrida akabaki amesimama, kisha akakunja kanga yake, akapita tundu lilelile, na alikuwa mtu mnene, kwa hiyo halikuwa jambo dogo. Miiba ikabaki na kipande cha kanga, na Ronald akafuata nyuma yake.

Mama Kornel alikuwa anakoroga pipa. Akainua macho, akaona anayekuja, mwiko ukasimama.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema, kwa makusudi kabisa.

Mama Winfrida akavuta pumzi. "Milele amina."

"Aa! Kumbe Walutheri mnaijua!"

"Tunajua mengi, Mama Kornel. Bwana Yesu asifiwe."

"Amina. Umekuja kunihubiria au kunywa?"

"Nimekuja kuchota maji."

"Maji haya ni ya ulezi wangu. Nikiyatoa, mbege ya Jumapili inachelewa, na wateja wangu hawana subira kama waumini wako." Lakini huku akisema hivyo alikuwa ameshashika kata, anajaza dumu la kwanza. "Yuditha, chukua, mwanangu, usisubiri wakubwa wamalize kugombana. Na wewe kijana wa kirikuu, hiyo misuli ni ya kupakia vitunguu tu? Beba!"

Ronald akabeba. Akapita ua mara ya kwanza, ya pili, maji yakimchuruzika kwenye viatu, na Mama Kornel akimpigia kelele kwamba anamwaga uji wa watu. Mama Winfrida alivua kitambaa chake cheupe, akafungia dumu lililokosa kitenge. Wakayapanga chini ya trei, wakafunga mlango wa mashine, wakaufunika kwa blanketi la kitandani kwa Yuditha.

Kisha wakakaa. Mama Kornel naye akaja, na mwiko mkononi, akasimama mlangoni kama mkunga. Maji yalipopoa walibadilisha, kisha wakabadilisha tena. Yuditha alikuwa akiangalia kipimajoto kwa tochi ya simu. Alikuwa ameshafanya hivi mara nyingi, ila leo tu alikuwa na watazamaji.

Umeme uliporudi mchana, feni ikaanza kunong'ona, nao wakachungulia kwenye kioo. Trei zilikuwa zimejaa. Wengine walikuwa bado wamelowa kama wametoka kubatizwa, wengine wameshakauka, manyoya yamesimama, wanakanyagana vichwani bila adabu. Mayai yaliyobaki kimya yalikuwa machache sana.

Jioni, walipokauka wote, Yuditha alifungua mlango. Mama Winfrida akaingiza mkono, akamtoa mmoja wa kahawia mwenye mistari. Akampindua, akamkagua kitovu, akatazama miguu kama imenyooka, akamweka sakafuni. Kifaranga akakimbia moja kwa moja mpaka kwenye kiatu cha Ronald, akaanza kudonoa kamba.

"Huyu hajachoka safari," Ronald akasema, akiwa ameinama. "Wangu huwa hawakimbii hivi."

"Wako wamekaliwa na vitunguu," Mama Kornel akasema.

Yuditha akamgeukia Mama Winfrida. "Mama, mlisema mkiona mtasema."

Mama Winfrida alifungua kitambaa chake kwenye dumu, akakikamua, akakivaa kichwani hivyohivyo kibichi.

"Hatuvuki," akasema. "Ronald ataleta kirikuu hapa kesho, bila magunia, bila kujificha. Na wewe Mektrida, jiandae: trei zijazo zikiingia, kikundi kitakuja kukupasulia kuni."