Kisanduku Kisicho na Namba

Kaka yangu alitutoka Jumanne asubuhi. Moyo ulisimama akipanda ngazi za ofisini. Jumatatu iliyofuata nilizipanda peke yangu.

Tulikuwa watano katika kampuni changa inayotengeneza programu ya simu kwa wakunga. Mimi niliwatembelea wakunga na kuandika maombi yao kwenye kadi zenye namba. Kaka alichora mfumo ukutani, visanduku na mishale, na katika kila kisanduku aliandika namba ya kadi inayokihitaji. Bila kadi hachori. Hata bosi alishakataliwa.

Asubuhi ile sikutulia. Nilikaa, nikasimama, nikachemsha maji nikayasahau. Zilibaki siku tatu kukabidhi programu. Chapchap, mwandishi wa programu tuliyempa jina hilo kwa haraka zake, alikuwa mbele ya ukuta na dasta mkononi.

"Dada, hiki hakina namba. Nakifuta."

"Subiri kwanza."

"Nisubiri nini? Sheria ni ya marehemu mwenyewe. Tena kitanila siku mbili."

Kisanduku kiliandikwa: *Hifadhi ndani ya simu*. Nilipekua kadi zote mia moja na nne huku nikijua kadi yake sitaipata. Mkunga wa kituo cha mlimani aliwahi kuniambia kwamba mtandao ukikatika, maelezo ya mama mwenye uchungu yatapotea. Nilirudi nimechoka, nikamsimulia kaka tukiosha vyombo, kadi sikuandika. Naye akachora bila kadi, wala hakuniambia.

Bosi alitoka chumbani kwake. "Kuna nini?"

Ningeweza kuandika kadi upesi na kuiwekea tarehe ya zamani. Kalamu nilishaishika.

"Kosa ni langu," nikasema. "Ombi lilikuwepo, sikuliandika."

"Pole, mdogo wangu. Lakini nitajuaje kwamba si msiba unaosema?"

"Mpigie mkunga."

Akampigia, simu mezani, sote tukisikia, akamuuliza kama kweli aliomba hifadhi ndani ya simu.

"Si nilishawaambia?" mkunga akafoka. "Kama hakuna hiyo, bakini na programu yenu. Daftari langu halijawahi kukosa mtandao!"

"Mama huyu hana breki," Chapchap akanong'ona, akaweka dasta chini.

Bosi aliongeza siku mbili. Niliandika kadi ya mia moja na tano kwa tarehe ya Jumatatu ile ile, na namba yake nikaiandika ukutani kwa mwandiko wangu.

Makabidhiano sasa ni Jumamosi. Kituo cha mlimani nitakwenda mimi.