Bobine iliyobatizwa

Fundi Maneno alikuwa amelala chali chini ya pikipiki, bulon ya chuma mdomoni, pale mwanamke mmoja alipoinama akafungua leso mbele ya uso wake. Ndani kulikuwa na bobine nyeusi, koili ya kuwashia moto wa plagi, imepasuka ubavuni.

"Papa, natafuta kama hii. Ya origine. Si ya Chine."

Maneno alitema bulon. "Ya pikipiki ya AG?"

"AG ya zamani, ya centre ya afya kwetu Bunyakiri. Mi niko infirmière, Euphrasie. Banasema mu Nyawera yote origine iko kwako tu."

Banasema. Miaka kumi na tano watu walisema hivyo, naye hakuwahi kukataa. Pikipiki kama zile haziji tena Bukavu. Origine hufunguliwa kwenye pikipiki iliyokufa, na zilizokufa nazo zimeisha. Basi mafundi wanabatiza: unachukua bobine ya Chine, unaigongea namba ya kale kwa nyundo, unaipaka mafuta machafu, inazeeka hapo hapo. Hakuna aliyebatiza kama Maneno. Namba saba yake tu ndiyo iliyopinda mguu.

Moja ilikuwa kwenye droo, tayari. Neno "Iko" lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Halafu akaona matope yaliyokauka mpaka magotini mwa yule muuguzi.

"Twende," akasema. "Kuna AG inaoza mu parcelle ya Serikali."

Waliikuta nyuma ya seng'enge, majani yameota kupitia gurudumu, bobine bado chini ya tangi. Mwangalizi wa parcelle, Monsieur Dany, alikuwa anamenya karanga.

"Ile iko mali ya État, muzee. Inabakia kwanza ideklasiwe, iandikwe ilishakufa."

"Bobine moja tu. Iko ya kubeba bamama ba kuzaa."

"Barua ilienda Kinshasa."

"Ilienda lini?"

"Mi nilikuta ilishaenda." Dany alipuliza maganda. "Nikikupatia bobine, kesho utataka gurudumu. Keshokutwa mutafungua na hii kiti, niko juu yake."

"Barabara mulikula. Ambulance mulikula. Sasa munachunga na maiti."

"Mi ndo nilikula?" Dany aliinua mguu, akamwonyesha kidole gumba kikichungulia kwenye kiatu. "Angalia vizuri ule mwenye alikula."

Waliporudi, Maneno aliwatukana wakubwa njia nzima, mmoja mmoja, kwa vyeo vyao.

"Bibi yangu Georgette alifia mu hii mulima," akasema. "Tunapanda hospitali, pikipiki ikazima. Barabara ya hawa batu ndo ilimuua."

"Pole, papa."

Miaka mitatu alikuwa akikieleza hivyo kifo cha mkewe, na wote walimpa pole. Hakuna aliyeambiwa kilichobaki. Juma lile la kifo bobine yake mwenyewe ilikuwa imekufa, akanunua nyingine sokoni Kadutu, kwa haraka, origine kabisa, walivyomwambia. Baada ya mazishi aliifungua, akaifuta mafuta kwa kidole. Saba ilikuwa imepinda mguu. Ilizunguka mikononi mwa watu, ikamrudia.

Kwenye atelie yake ya pikipiki alivuta droo, akaweka bobine juu ya meza.

"Ni hii tu niko nayo. Lakini sikiliza, maman. Hii si origine. Iko Chine. Namba ni miye niligonga."

Euphrasie aliinama akaitazama namba.

"Na ile ya bibi yangu, ni miye niligonga vilevile. Barabara ni mbaya, ndiyo. Lakini haikuzimisha pikipiki. Alikuwa nyuma yangu, ananishika mbavu, ananiuliza: tumefika?"

Alingoja amtukane. Labda angemwambia ni Serikali, kama wengine, naye angelala usiku mmoja. Euphrasie aliichukua bobine, akaigeuza, akaikagua waya.

"Inawaka?"

"Inawaka. Lakini ikipata joto, mu mulima, inazima. Inabidi ungojee ipoe."

"Muda gani?"

"Nusu saa. Kuna siku saa nzima."

"Na origine hutapata? Hata mwezi ujao?"

"Uliiona kule kwenye iko. Barua ilienda Kinshasa."

Euphrasie aliitia bobine mfukoni.

"Basi nitaambia bamama bazae asubuhi, kungali baridi."

Maneno alimwangalia usoni, akingoja kicheko. Hakikuja. Alikuwa anauliza camion ya Bunyakiri inapakilia abiria wapi.